Nani Atachora Mlangoni

8 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yake upya, maana ile ya simu ya Jumapili ilimezwa na Mama aliyekuwa akipigia kelele bomba la jikoni. Mimi mzima. Chumba changu bado kinatazama ukuta wa jirani, lakini nimeanza kuuzoea. Una doa la unyevunyevu linalobadilika umbo kila mvua inaponyesha, na asubuhi nikinywa chai nalitazama kama watu wengine wanavyotazama habari. Kazini naitwa msanifu majengo mwanafunzi, na tangu nifike nimechora vyoo tu. Vyoo vya shule, vyoo vya ofisi, vyoo vya kiwanda cha sabuni. Mkubwa wangu anasema anayejua choo anajua jengo zima. Nadhani anasema hivyo ili asivichore yeye.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya nyumba yetu unaijua. Mama anaiweka sauti ya juu sebuleni, na mpaka kinyozi wa ng'ambo ya barabara anajua nimekula nini.

Nina jambo moja. Limenikaa kifuani tangu Diwali iliyopita, nilipokuwa likizo nyumbani. Mwaka ule Baba Mdogo alipofariki hatukusherehekea, hilo lilikuwa sawa. Lakini mwaka jana taa zilirudi, vitamu vilirudi, wageni walirudi, wewe hukurudi. Miaka yote wewe ndiye uliyekuwa ukichora rangoli pale mlangoni, na watu walikuwa wakivuka mitaa kuja kuona yale maua ya unga wa rangi kabla hayajakanyagwa. Mwaka jana alichora Mama. Alichora tausi. Mama Mdogo, yule tausi alikuwa bata aliyenyonyolewa. Baba alimtazama, akasema "safi kabisa," akakimbilia dukani kwake kutengeneza saa ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Wewe ulikuwa jikoni, na sari yako ya ujane isiyo na rangi, unageuza vitamu kwenye mafuta. Taa ya kwanza ilipowashwa mlangoni hukutoka. Nilikutazama, halafu nikatazama pembeni.

Nilimwuliza Mama. Akasema mjane hachori mlangoni wala hawashi taa ya kwanza, na kwamba Bibi alifanya hivyohivyo Babu alipofariki. Nikauliza nani alikuambia ukae jikoni. Akasema hakuna.

Nataka mwaka huu uchore wewe. Nimejaribu kuliandika kwa upole zaidi ya hapo, nimeshindwa.

Njiti


29 Juni

Njiti mwanangu,

Marahaba. Bibi naye anasema marahaba mara mbili, moja ni ya ile iliyomezwa. Hapa hatujambo. Bomba linavuja bado, mama yako ameliwekea ndoo na sasa analiongelesha kama mtoto mtukutu. Baba yako amepata mteja anayeleta saa ileile kila wiki. Hatujui kama saa ni mbovu au mtu ni mpweke, lakini wanakunywa chai pamoja. Kinyozi ameoa tena. Amejinyoa mwenyewe siku ya harusi na amejikata sikio.

Macho ya Bibi hayapati nafuu. Mtoto wa jicho ameshika pande zote mbili na daktari anasema tusubiri. Anatambua mwanga na kivuli, na anatambua mtu kwa mwendo. Kushona kumenipungua kidogo msimu huu, kwa hiyo nina muda wa kukaa naye. Anapenda mapazia yangu ya zambarau ingawa hayaoni. Anasema yana sauti nzuri yakifunguliwa.

Vyoo usividharau. Nyumba hii ina watu wanne na choo kimoja, na kila ugomvi tulionao umeanzia hapo.

Kula vizuri. Tulikuita Njiti kwa wembamba tu, sasa naona na kuwaka unawaka. Hilo jambo lako nimelisoma. Mama yako anaendelea vizuri na tausi wake, msimwaibishe.

Mama Mdogo wako


20 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia habari za kinyozi, mpe pole ya sikio. Hapa mvua haijakoma na doa la ukutani sasa linafanana na mtu aliyebeba gunia. Nimepandishwa cheo: nachora ngazi. Ngazi za kuelekea vyooni, lakini ni ngazi.

Umenijibu kuhusu bomba, mteja mpweke, sikio la kinyozi na sauti ya mapazia. Nilichouliza hukunijibu.

Juzi umeme ulikatika ofisini, kompyuta zote zikazima, mkubwa akasema mwenye mkono achore kwa mkono. Nikachora ngazi ya mzunguko kwa penseli, mstari mmoja, bila kuinua. Akasimama nyuma yangu. "Umefundishwa wapi?" Nikamwambia, sakafuni. Akadhani namtania. Nilikuwa nakumbuka jinsi ulivyoniwekea unga kati ya kidole gumba na cha shahada ukaniambia niuache utoke wenyewe, nisiusukume, nisiuogope, na nisisimame katikati ya mstari hata mbu akiniuma. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba magoti yangu yalitosha kati ya nukta mbili za rangoli yako.

Siwezi kukubali kwamba mkono ule uko kwenye karai la mafuta kwa sababu ya desturi ambayo hakuna mtu nyumbani mwetu amewahi kuitamka mbele yako. Kama wewe huwezi kusema, nitasema mimi. Namwandikia Bibi mwenyewe. Yeye ndiye mwenye neno, na akisema ndiyo, hakuna wa kupinga.

Usinikasirikie kabla hajajibu.

Njiti


24 Agosti

Njiti,

Marahaba, ingawa leo huistahili. Habari za nyumbani kwanza, maana nikianza na hasira karatasi itaisha. Bomba limepona. Baba yako amepewa saa ya ukutani inayogonga kengele inapojisikia, ameitundika dukani aichunguze, sasa wateja wanaruka vitini. Mama yako amenunua unga wa rangi mapema, anasema anafanya mazoezi kwenye ua wa nyuma. Nimeyaona mazoezi. Ni bata tena.

Haya. Ulimwandikia Bibi. Wewe uliyesoma vitabu vyote hivyo, ulisahau kabisa nani humsomea Bibi barua zake?

Alikuwa ameketi kitandani, nimetoka kumpaka mafuta miguuni. Akasema, "Nisomee ya Njiti, na usikimbie, soma kama mtu." Nikaanza. Salamu, ngazi, mvua. Halafu nikaona jicho langu linagota kwenye "Bibi, nakuomba umruhusu Mama Mdogo." Nikaruka yote mpaka chini: "Akupendaye, mjukuu wako."

Bibi akauliza, "Imekwisha?"

"Imekwisha, Mama."

"Njiti kaandika barua fupi hivyo? Njiti huyu ambaye akiomba chumvi anaanza na habari za bahari?"

"Ana kazi nyingi siku hizi."

"Wewe, kilichoharibika kwangu ni macho. Nimesikia karatasi zikigeuzwa na mdomo umefungwa. Rudi juu."

Nikarudi juu. Unajua ilivyo kumsomea mama mkwe wako, kwa sauti yako mwenyewe, jinsi ulivyo wa kuhurumiwa? "Mama Mdogo anajificha jikoni kama mtu aliyeiba." Nimeisoma hiyo. "Mikono yake inazeeka bure." Na hiyo nimeisoma, nikiishika karatasi kwa mikono hiyohiyo. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba Bibi mwenyewe aliibeba desturi hii kwa uvumilivu mkubwa, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Nikaitupa barua nimshike. Njiti, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akatoa meno ya bandia akayaweka kwenye bakuli yasimpalie.

"Uvumilivu!" akasema, bila meno. "Mimi sijawahi kujua kuchora hata yai! Mama mkwe wangu alikuwa anasimama mgongoni kwangu kila Diwali ananiuliza, hili ni ua au ni mkate umekanyagwa? Mume wangu alipofariki nililia, na nililia kweli. Lakini Diwali ilipofika wakaja wanawake wa ukoo kuniambia kwa huruma kwamba sasa sitachora tena. Nikainamisha kichwa wasinione uso. Nilishukuru, mwanangu! Tangu siku ile magoti yangu hayajagusa sakafu ya mlangoni."

Nikamwuliza, "Na mimi je? Mwaka jana nilipokaa jikoni mbona hukusema kitu?"

"Nilidhani na wewe umechoka. Nikasema moyoni, mwache, kapata udhuru mzuri kama wangu."

Mama yako alikuwa mlangoni na ufagio. Unajua yeye huwa anapita tu, hasikilizi. Akaingia mzimamzima. "Kwa hiyo mimi nimepiga magoti pale kwa ajili gani? Nilimpokea kazi nikidhani akiziona rangi ataumia! Mimi nachukia kuchora! Namchukia yule tausi!"

"Hata yeye hakupendi," Bibi akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Tumekaa nyumba moja, tunakula meza moja, kila mmoja anamstahi mwenzake kwa jambo ambalo mwenzake hakulitaka. Bibi amenituma nikuandikie hivi: desturi ipo, na wako wanaoishika kwa moyo, tusiwacheke, lakini yeye hakuishika, alijifunika nayo. Na atakayekuja kunisema nikiwa mlangoni apelekwe kwake.

Chumvi yako ya bahari imefika, basi. Lala usingizi.

Mama Mdogo


10 Septemba

Mama Mdogo!

Shikamoo! Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za posta na mlinzi akaniuliza kama nimefiwa, kumbe nacheka. Mpe Bibi busu, mpe Mama pole ya magoti, mwambie Baba saa hiyo asiitengeneze kamwe.

Kwa hiyo utachora! Nimekaa usiku na penseli nikikuchorea mawazo, nimeyaambatanisha: moja la yungiyungi, moja la miduara inayoingiliana, moja ni la kizembe kidogo, linafanana na ngazi, lipuuze. Nadhani mlango wetu ungependeza na kitu kikubwa mwaka huu, kitoke kizingitini mpaka ukingo wa barabara. Kinyozi ajue. Niambie umechagua lipi. Likizo sijapata, nimeomba mara mbili, kwa hiyo picha nitahitaji, na ikiwezekana Baba apande juu ya kiti apige kutoka juu.

Siamini ilikuwa rahisi hivi.

Njiti


8 Oktoba

Njiti,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, na si posta.

Wote wazima. Nyumba imeanza kupakwa chokaa, baba yako ana chokaa kwenye nyusi.

Haikuwa rahisi hivi. Wewe ulikuwa unapigana na desturi, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, starehe kabisa, kama mtu nyuma ya pazia. Mmeliondoa pazia mkicheka, na mimi nilicheka nanyi. Halafu nikabaki nimesimama wazi, kila mtu ananitazama mikono. Mama yako ananiletea vibakuli vya rangi kama anayelisha mgonjwa.

Baba Mdogo wako ndiye alikuwa akinishikia tochi. Jua likizama nikiwa sijamaliza, na sikuwahi kumaliza mapema, alikuja na tochi akachuchumaa pembeni yangu. Hakujua lolote kuhusu rangi lakini maoni alikuwa nayo. "Hapo pametoka nje." "Hiyo kijani mbona imelala?" Kila mwaka nilikuwa namwambia anyamaze ashike tochi. Kila mwaka hakunyamaza.

Mwaka jana hakuna aliyenizuia, unasema kweli. Nilijizuia. Nilifurahi kwamba kuna desturi ya kusingizia.

Sijui kama nitachora. Michoro yako ni mizuri, nimeiweka kwenye droo ya nyuzi. Usiniulize tena.

Mama Mdogo


19 Oktoba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sitauliza.

Nadhani niliishikilia ile desturi kwa sababu ni kitu ninachoweza kugombana nacho. Baba Mdogo kutokuwepo siwezi kugombana nako. Nikapiga kelele upande ambao kelele zilifaa.

Nilikuwa nimesahau maoni yake. Nilipomwonyesha nyumba yangu ya kwanza niliyoichora shuleni, ghorofa tatu, madirisha yote yana maua, akaitazama muda mrefu akasema, "Nzuri sana. Wenyewe wanaingilia wapi?" Sikuwa nimeweka mlango. Sijamwambia mtu yeyote kazini kwamba kila mchoro nikiumaliza najiuliza hilo swali, kwa sauti yake.

Siku yenyewe nitakuwa kazini mpaka jioni. Nikirudi nitawasha taa moja dirishani, ukuta wa jirani nao uone. Chochote mtakachofanya huko kitakuwa sawa. Hata bata.

Njiti


6 Novemba

Njiti mwanangu,

Marahaba, na heri ya Diwali iliyopita. Tumekula, tumechoka, nyumba inanuka baruti na sukari. Bibi amewashinda wote kwa vitamu na kesho atalalamika tumbo. Baba yako alivaa koti la harusi yake na likafunga, vifungo vyote, amelitaja mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio.

Asubuhi hakuna aliyeniambia neno. Ulimwandikia mama yako kitu, najua, maana alikuwa ananipita kama anapita mtoto aliyelala. Mchana akapiga magoti mlangoni na vibakuli vyake, akaanza. Mimi nilikuwa jikoni na karai. Nikamsikia kinyozi anapiga kelele kutoka ng'ambo:

"Jirani! Mwaka huu ni mnyama gani?"

"Wewe nyoa watu!"

"Nauliza tu, nisije nikamkanyaga na akaniuma!"

Nikajiambia siendi. Halafu nikahitaji kitambaa cha kufutia mikono, na vitambaa vyote nyumba hii viko jikoni, unajua, lakini nilikwenda kukitafuta mlangoni. Njiti, mkia ulikuwa umeanzia shingoni. Mama yako ananitazama kutoka chini, jasho linamtiririka, ana unga wa njano mpaka masikioni, anasema, "Usiseme kitu. Najua. Nimeanza vibaya na sasa siwezi kumzuia."

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Sogea."

Hakusogea, aliruka. Sijawahi kumwona mama yako akiinuka haraka hivyo tangu siku aliyoambiwa umefaulu.

Nikafagia bata. Nikapiga magoti. Nikachukua unga mweupe, nikaushika vile ninavyoushika, na mkono haukwenda. Ulikaa hewani. Unga ukaanza kulowa vidoleni. Mtaa mzima ulikuwa na shughuli zake, lakini mimi niliona kama umesimama kunisubiri, na nikataka kurudi kwenye karai. Nikaweka nukta moja. Nukta haimfungi mtu, nilijiambia, nukta unaweza kuifagia. Nikaweka nyingine. Nilipokuwa na nukta za kutosha ilikuwa ni ujinga kuziacha bila mstari.

Nilichora yungiyungi, si lako, langu, na miduara inayoingiliana kulizunguka, na hiyo ni yako. Ile ya ngazi bado iko kwenye droo.

Jua likazama nikiwa nusu. Nikajua sasa ndipo patakaponishinda. Nikasikia kiti kinaburutwa. Bibi. Amekalia kiti chake pale kizingitini, amevaa miwani ambayo haimsaidii kitu, ana tochi. Hakuna aliyemtuma, mama yako ameapa. Akaiwasha, akamulika ukuta wa kinyozi.

"Mama, ni huku chini."

"Najua ni huku. Naipasha moto."

Akashusha, akamulika mguu wangu. Nikamshika mkono nikauelekeza. Nikaendelea. Lakini yeye haoni, kwa hiyo akaanza. "Umefika wapi? Hiyo ni rangi gani? Nyekundu? Nyekundu gani? Kama nyanya au kama ile sari ya shemeji? Mbona umenyamaza? Umekosea? Ukikosea sema, hapa ni nyumbani." Na kila akiuliza tochi inakimbilia upande anaouliza, na mimi niko katikati ya petali, mstari hautakiwi kukatika, nikasema, kwa nguvu, mtaa wote ukasikia:

"Nyamaza ushike tochi!"

Njiti. Kwa mama mkwe wangu. Kinyozi alizima redio. Mama yako alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili na ikabaki alama ya vidole vya njano. Mimi niliganda na unga mkononi, machozi yananitoka na sijui ni ya aibu au ya nini.

Bibi akaishika tochi kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo na ya furaha, "Haya, nimenyamaza."

Hakunyamaza, bila shaka. Lakini tochi ilitulia, na nikamaliza.

Tulipotaka kuwasha taa ya kwanza mama yako akanipa kiberiti. Alisema mikono yake ina rangi. Yangu ilikuwa na rangi zaidi, na aliiona, na nikakipokea. Utambi wa kwanza ulikuwa mbichi ukakataa, wa pili ukashika. Sikwenda kubadilisha nguo. Nilikuwa na sari ileile ya jikoni, magotini imekuwa nyekundu, kijani na njano, na sidhani itatoka hata nikiichemsha. Sijajaribu.

Wageni wakaanza kuja. Nilizoea kuwasikia nikiwa jikoni, sauti tu, nani kacheka, nani kavua viatu. Safari hii niliwaona nyuso wakisimama ukingoni mwa yale maua, wakitafuta pa kukanyaga na kukosa. Wakapita pembeni kwa ncha za vidole, wanaume wazima na vitambi vyao. Mke mpya wa kinyozi hajui mambo yetu, amefika mtaani mwaka huu tu. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akauliza, "Hiki amechora nani?"

Mama yako akafungua mdomo. Baba yako, na koti lake, akafungua mdomo. Bibi kwenye kiti akageuza shingo.

"Mimi," nikasema.

Mama Mdogo wako